Picha ya Mawingu Iliyonitoa Kazini

Vijana, mimi sikuacha kazi ya kutengeneza fremu za picha kwa sababu ya mgongo. Hayo ni maneno ya mke wangu, anawatangazia watu ili nionekane mtu wa kuhurumiwa. Mgongo wangu mzima. Niliacha kwa sababu ya picha moja ndogo ya mawingu, haizidi ukubwa wa sahani ya pilau, na ndugu wawili, kaka na dada, ambao nadhani Mwenyezi Mungu aliwaumba makusudi ili anipime subira.

Nanyi mnaojifunza ufundi huu sasa, mnaokuja hapa kwangu Mengo na simu mkononi, "Mzee Saidi, tupe siri ya kazi," kaeni basi niwaambie. Na hizo simu ziwekeni mfukoni, hazina la kunirekebisha.

Siri hakuna. Kuna msumeno mkali na kuna mbao kavu. Mbao ikiwa mbichi, hata ukiikata pembe kwa ustadi wa malaika, mvua za hapa zikija itavimba, jua likija itasinyaa, na pale pembe zilipokutana utapitisha kidole. Mnanunua mbao asubuhi, mchana mmeshaipaka vanishi, jioni mnaipiga picha mnawarushia wateja. Baada ya miezi fremu imefunua kinywa kama mamba, mnasema ni mbao za siku hizi. Si mbao za siku hizi. Ni haraka zenu.

Aliyenifundisha mimi ni marehemu Fundi Kassim, aliyekuwa na karakana hapa hapa Mengo, nyuma ya maduka. Mtu mfupi, mkali, rula yake ya chuma ilipima mbao na ikapima migongo yetu pia. Nilikuwa sijamaliza hata wiki za kuzoea harufu ya gundi alipoletewa picha ya ng'ombe, ya rangi za mafuta, na mwalimu mkuu wa shule moja. Mwalimu mkuu akataka kioo. Fundi Kassim hakuwepo, kaenda kuswali, nami nikajifanya mjuzi. Nikakata kioo, nikakibana juu ya picha barabara, kisipite hata vumbi. Mwalimu mkuu akaenda kuitundika ofisini, dirisha la jua. Siku aliyoirudisha kioo kilikuwa kimeshikana na rangi. Tulipokibandua, sikio la ng'ombe likabaki kwenye kioo.

"Fundi," mwalimu mkuu akaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "sasa huyu atasikiaje?"

Rangi ya mafuta haibanwi na kioo, vijana. Inataka kupumua. Mteja aking'ang'ania kioo, weka vijiti vyembamba pembeni ili kioo kisiguse rangi. Na ukiwa huna vijiti, ng'ang'ana naye mpaka achoke yeye.

Jambo la pili alilonifundisha Fundi Kassim ndilo lililokuja kuniaibisha uzeeni, basi lishikeni vizuri. Alisema, "Saidi, picha ina mgongo kama mtu. Uso unaweza kukudanganya, mgongo haudanganyi." Alimaanisha hivi. Ukiletewa picha usiyoijua juu wala chini, igeuze uitazame nyuma. Tafuta tundu za misumari, waya ulifungwa wapi. Halafu pitisha kidole kwenye mbao za fremu ya zamani. Mbao ya juu hushika vumbi, maana imelala kama rafu. Mbao ya chini huwa safi, imejificha. Palipo na vumbi ndipo juu. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote kwa kanuni hiyo, haikuwahi kuniangusha. Mpaka hayo mawingu.

Aliyeniletea ni Rashidi, Mnubi wa mtaa wa Mbuya, mtu mzima mwenye duka la spea za magari. Aliingia na mvua, kanivujia maji sakafu nzima, kakumbatia mfuko wa plastiki kifuani.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Waaleikum salaam. Umenibebea nini humo, samaki?"

"Picha ya mzee wetu. Fremu yake mchwa imekula. Mama anaitaka."

Nikaguna kwa hicho Kiswahili chake. Mimi ni mjukuu wa watu wa pwani waliokuja huku bara na biashara, wakaoa, wakazikana, wakasahau njia ya kurudi. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho tunachoombea chumvi. Lakini kwa mjini hapa nimezoea kukisikia kimevunjika mbavu. Wengine hata hawataki kukisikia, kinawakumbusha wanajeshi wa enzi zile waliowaamrisha kwa lugha hiyo. Niliwahi kumpigia mteja simu kumwambia fremu yake tayari, akasema, "Afande, mimi sijafanya kitu." Basi mtu akiniingilia dukani na Kiswahili chochote, hata kiwe kinachechemea, namkaribisha.

Rashidi akanieleza. Baba yao, marehemu Mahmudi, alikuwa dereva wa malori ya Mombasa. Picha ile aliichora mwenyewe, ndiyo pekee aliyowahi kuchora, juu ya kipande cha plaiwudi. Alipofariki, mkewe Hajati Zaituni aliishusha ukutani, akaifunga kwenye leso, akaifungia sandukuni, isionekane tena kwa miaka. Sasa Hajati ameanguka, amevunjika nyonga, amekuwa mtu wa kitandani, na daktari amewaambia watoto wake wakae karibu naye. Na katika kulala kwake hakuomba dawa wala juisi. Aliomba ile picha irudi ukutani.

"Anasema asikufe kabla hajaiona," Rashidi akasema, akatazama pembeni.

Nikaifungua. Mawingu. Mawingu matupu, hakuna kilima, hakuna mti, hakuna hata kunguru wa kutuambia anga iko wapi na ardhi iko wapi. Upande mmoja wingu zito jeusi, lile la mvua inayokuja na hasira. Upande wa pili mawingu meupe, mepesi, yameraruka, na katikati buluu safi. Sahihi hakuna. Haikuwa kazi ya mtu aliyesoma kuchora, lakini niliitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Juu ni wapi?" nikauliza.

"Hii nyeusi inakaa chini, Mzee. Mimi nilikuwa taniboi wa baba, utingo wake. Nilikuwa hapo akichora, tumekwama foleni ya mpakani. Ninajua."

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikageuza mgongo. Tundu za misumari zilikuwa juu na chini. Alama ya waya, juu na chini. Nikapitisha kidole kwenye mbao zile zilizoliwa na mchwa. Mbao hii, vumbi. Mbao ile, vumbi. Nikafuta kidole, nikarudia. Vumbi! Mbao ya chini ya fremu inashika vumbi kwa njia gani, wallahi? Nikamtukana mchwa, nikamsamehe Fundi Kassim, nikasema huyu kijana alikuwepo ikichorwa, anajua. Nikachukua vipande vya mvule nilivyokuwa navitunza kwa kazi ya heshima, nikatengeneza fremu nyembamba, nikafunga pete na waya. Nyeusi chini.

Aliyekuja kuichukua si Rashidi. Alikuja dada yake, Mariamu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watoto wa mtaa mzima. Anapikia wanafunzi wa shule moja huko Kasubi. Nikamgeuzia picha nikitegemea ahsante.

"Eh, bambi, maskini! Nani amepindua baba?"

"Nani?"

"Hii picha umepindua, Mzee! Nyeusi inakaa juu. Mimi nimelala chini ya hii picha, kwa mkeka, na mama. Nyeusi ilikuwa juu, nilikuwa naogopa itaninyeshea."

Nikamwambia kaka yake kasema vingine. Akampigia simu pale pale, akaweka sauti ya wote kusikia, na duka langu likageuka baraza.

"Rashidi, nani alikudanganya hiyo nyeusi ni ya chini?"

"Nilikuwa hapo ikichorwa!"

"Ulikuwa hapo ikichorwa, mimi nilikuwa hapo ikitundikwa! Wewe ulikuwa unakaa nyumbani siku ngapi? Ulikuwa unakuja kula tu!"

"Na wewe ulikuwa unakaa kwa shangazi!"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua fremu za picha za mahafali waliondoka taratibu. Mmoja hakurudi tena mpaka leo.

Mnajua kugeuza picha ni nini? Mnadhani ni kuizungusha hivi, basi. Pete unazifungua, tundu unaziziba kwa unga wa mbao na gundi, unangoja ikauke, unapiga msasa, unapaka rangi, unatoboa upya. Mvule ule wa heshima nikautoboa kwa amri ya Mariamu. Nyeusi juu. Nikamwambia aondoke nayo. Akasema la, Rashidi atalalamika kwamba ameiba uamuzi, heri Rashidi aje akubali kwanza kwa macho yake. Rashidi akaja. Hakukubali. Akasimama hapo mlangoni akisema hataki mama yake aone picha ya baba imesimama kwa kichwa, siku hizi zake za mwisho, kwa sababu ya ubishi wa Mariamu. Akataka nigeuze. Nikageuza. Mariamu akaja, akatazama, akalia. Si kilio cha kuigiza, alilia kweli, machozi kwenye meza yangu ya kazi, akisema, "Mzee, mimi najua nilichoona." Nikageuza.

Waswahili walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema zizi lenyewe linajisikiaje. Mimi ndiye niliyekuwa zizi. Asubuhi kabla sijanywa chai Rashidi kanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mariamu naye katuma wake, mrefu, na nyuma yake kelele za sufuria. Mke wangu akaanza kuniuliza hao mawingu wamelipa kodi ya chumba humu ndani au vipi.

Na wakati wote huo kila aliyekuja alinipa salamu ile ile kutoka Mbuya. Mama anauliza, imerudi? Akiamka, anauliza imerudi. Akipewa maji, anauliza imerudi. Nikawa najisikia vibaya, maana picha iko tayari, imeegemea ukuta wangu, na bibi wa watu amelala anaingoja.

Nikawauliza, siku moja walipokutana wote wawili dukani kwa bahati mbaya, "Nyinyi watu wazima. Mama yenu yu hai. Mmemuuliza yeye?"

Wakatazamana. Ndiyo mara ya kwanza niliona wakikubaliana.

"Tumemuuliza," Mariamu akasema kwa sauti ya chini.

"Akasemaje?"

"Anasema zote mbili."

"Zote mbili nini?"

"Tukiuliza nyeusi ni juu ama chini, anasema zote mbili." Rashidi akagonga kichwa chake kwa kidole, polepole. "Mzee, unaona hali yake. Imeanza kwenda."

Nikasema maskini, pole sana, uzee. Astaghfirullah. Mtu katupa jibu kamili, sisi watatu tukamwombea dua ya wagonjwa wa akili. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, lakini nadhani waliona aibu kuongeza kwamba ukiuliza, sikiliza.

Maji yakanifika shingoni siku Mariamu aliponipigia kwamba mama hajala tangu jana, hataki uji, anageukia ukuta tu. Nikamwambia njoo uichukue sasa hivi. Akasema, "Nije kuchukua iko namna gani?" Wallahi, simu nusura niitupe kwenye pipa la gundi. Nikaifunga picha kwa gazeti na leso ya mke wangu, nikatia bisibisi, pete, waya, nyundo na pima maji kwenye mfuko, nikapanda bodaboda hadi Mbuya, mzee mzima nimebana mawingu kati yangu na dereva, na dereva anaimba.

Walikuwa wamemhamishia Hajati kitanda sebuleni, ili wageni wapate kumwona. Ukuta umejaa zile nyungo za rangi wanazosuka Wanubi, nyekundu na za kijani, na katikati yake, kukikabili kitanda, msumari mtupu. Msumari wenyewe ulikuwa umekaa vizuri, umeelekea juu kidogo, kama inavyotakiwa. Rashidi amesimama upande wa kichwa, Mariamu upande wa miguu. Ungedhani walipangiwa zamu za kubishana.

Bibi mwenyewe alikuwa mdogo, amezama kwenye mito, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyewahi kuongoza nyumba.

"Wewe Saidi wa kina nani?"

Nikamtajia babu na baba. Akawaza.

"Nilimjua nyanya yako. Alipika vitumbua kila Ijumaa. Imerudi?"

"Imerudi, Hajati."

Nikaifungua. Nikaishika mbele yake, na kwa kuwa sikutaka vita nikaishika kwa ubavu, haiko juu wala chini. Akanyoosha mkono, akagusa mbao mpya, akasema mvule ni mti wa heshima. Nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze. Halafu nikamuuliza, kwa adabu, maana nilishachoka na watoto wake, "Hajati, mama yangu, hii nyeusi ilikuwa wapi?"

Akanitazama, akawatazama wao, akashusha pumzi ndefu.

"Nimewaambia zote mbili. Nimewaambia jana, nimewaambia juzi. Wananitazama kama nimepata wazimu. Na wewe ni fundi, nawe unaniuliza? Hukuona mgongo wake?"

"Nimeuona. Una vumbi juu na chini."

"Sasa?"

Nilisikia masikio yangu yakipata moto.

Basi akatueleza, akipumzika kila baada ya maneno machache, na hakuna aliyethubutu kumkata. Mumewe alimletea picha ile kutoka safarini akamwambia, "Nimeichora nimelala chali juu ya turubai la lori, haina juu wala chini, itundike unavyopenda." Naye alikuwa mke wa dereva. Mke wa dereva maisha yake ni kuulizwa na majirani, baba yuko? Amerudi? Ameondoka lini? Akachoka kujibu. Akatafuta namna yake. Mahmudi akitoka na lori, anaigeuza picha, nyeusi juu. Ndani ya nyumba kumekuwa na wingu. Akirudi salama, kabla hajamvua viatu, anaigeuza, nyeupe juu. Majirani wakajua. Mtu akija kuazima kitu anachungulia ukutani kwanza, halafu ndiyo anasema hodi.

"Na Idd?" Mariamu akauliza. Alikuwa bado anatafuta pa kushinda. "Idd tulikuwa hapa wote."

"Idd nilikuwa naishusha natundika picha ya Makka. Msumari ni huo mmoja."

Rashidi alikaa chini, sakafuni, na suruali yake ya kazi. "Mama, mimi sijawahi kuona nyeusi juu."

"Ungeionaje? Ukiondoka uliondoka naye, ukirudi ulirudi naye. Wewe ukiwa humu, na yeye yumo. Na wewe Mariamu, nilikuwa nakutoa Kasubi kwa shangazi yako siku wanayoondoka, nisilale peke yangu. Wakirudi, nyumba haitoshi, nakurudisha. Nimewalea kama jua na mwezi. Hamkukutana humu." Akafunga macho. "Ndiyo maana hamjuani."

Nje mtu alikuwa akiuza matango, anapita akiita.

Nami bado nilikuwa nimeishika kwa ubavu, mikono imeanza kuchoka. Fundi ni fundi, lazima aulize. "Sasa niitundike vipi, Hajati?"

Akajibu bila kufungua macho.

"Safari yake ya mwisho alipotoka niliigeuza, nyeusi juu. Akafia njiani. Wakamleta mchana, watu wakajaa, wanalia, wananishika huku na huku. Nilikuwa naitazama pale ukutani, nataka kuifikia, hawakuniachia. Huyu Rashidi alishinda uani na wanaume. Watu walipoondoka nikaishusha vile vile. Mume wangu alirudi mimi sikuigeuza." Akafungua macho, akautazama msumari. "Iweke nyeusi juu. Kwangu bado yuko safarini."

Nikachukua bisibisi.

"Na ufunge pete pande zote mbili," akaongeza. "Siku nikimfuata, hawa wataigeuza. Nyinyi wawili. Pamoja. Si mmoja mmoja kwenda kumsumbua mzee wa watu Mengo."

Nikafunga juu, nikafunga chini, nikatundika, nikaweka pima maji juu ya mbao, povu likatulia katikati. Hajati akaitazama. Akaitazama muda mrefu, midomo inacheza, hatukusikia anachosema na hakikuwa chetu. Halafu akaomba uji. Mariamu akakimbia jikoni, na Rashidi akamfuata kumsaidia kukoroga, nikasikia wameanza kubishana kuhusu sukari.

Nilirudi Mengo nikafunga msumeno wangu kwenye gunia. Wiki ile ile nikampa funguo za duka jirani yangu anayeuza vioo. Watu wanasema mgongo. Mimi nilikuwa nimechoka na wateja, na nilikuwa nimejichoka mimi mwenyewe. Umri wote huu nasoma migongo ya picha, na mgongo ukaniambia juu na chini, na mwenye picha akaniambia zote mbili, nami nikasema wote wawili wameharibika. Sasa nanyi mkiletewa kitu msichokielewa, msikimbilie kusema kimeharibika. Kwanza mjiulize kilikuwa kikifanya kazi gani nyumbani kwa watu. Hilo halimo kwenye simu.

Hajati Zaituni hakukaa sana. Rashidi alinipigia baada ya alfajiri, akasema tu, "Mzee, mama," akashindwa kuendelea. Mazikoni sikuingia ndani, wanaume tulikuwa uani, watu walikuwa wengi. Siku ya hitma ndipo nilipoingia sebuleni. Kitanda kilikuwa kimeondolewa, mikeka imetandikwa. Nikatazama ukuta.

Nyeupe juu.

Mariamu aliniona nikitazama, akaja akasimama karibu yangu. Sauti yake ile kubwa haikuwepo.

"Tuligeuza kabla hatujamtoa kwa nyumba, Mzee. Watu wanatuita, jeneza liko mlangoni, tukasema ngojeni. Rashidi alishika huku, mimi nikashika huku."

Vijana, mimi ni mzee mwenye hasira, mnanijua. Nilitoa leso nikapenga kamasi kwa kelele ili watu wadhani ni mafua. Picha ile ni ndogo, mtoto angeigeuza kwa mkono mmoja, nao waliishika watu wazima wawili. Nikamwombea Hajati, nikamwombea na Mahmudi. Nikasema basi, sasa Mahmudi amefika na Hajati amemkuta.

Halafu nikaitazama vizuri. Imepinda! Watu wawili, msumari niliouacha umekaa vizuri, pete nilizozipima kwa pima maji, na bado wameitundika imelalia upande kama kofia ya mlevi. Nikavua viatu, nikapanda kigoda, nikanyoosha mkono kuirekebisha.

"Kulia kidogo, Mzee," Rashidi akasema nyuma yangu.

"Kulia gani?" Mariamu akasema. "Kushoto! Huoni?"

"Mimi nimesimama hapa katikati, naona."

"Katikati ya nini? Mzee, kushoto!"

Nikashuka kwenye kigoda, nikavaa viatu vyangu, nikaenda zangu. Mpaka leo imepinda. Shauri yao.